Legio Maria ya Eastlands: Kanisa Lililokulia Uwanjani

Tarehe 12 Mei 1944 alifariki mjini Nairobi mwanamke wa Kiayalandi aliyeitwa Edel Quinn, mwenye umri wa miaka 36. Kifua kikuu kilikuwa kimemsumbua kwa miaka mingi. Alizikwa Msongari, kwenye makaburi ya misheni ya St. Austin's. Alifika Kenya mwishoni mwa 1936 akiwa ametumwa na chama cha walei cha Kikatoliki, Lejio ya Maria, kilichoanzishwa Dublin tarehe 7 Septemba 1921 na mtumishi wa serikali aitwaye Frank Duff. Kwa muda usiotimia miaka minane, mwanamke huyo mgonjwa alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na hata Mauritius, akianzisha vikundi katika kila parokia iliyomfungulia mlango.

Wanaosimulia habari za Legio Maria, kanisa la Kiafrika lililochukua jina la chama hicho, kwa kawaida huanzia mlimani Migori, kwenye maono na miujiza. Huko tutafika. Nimeanza na kaburi la Msongari kwa sababu ninaamini kilichoifanya Legio Maria idumu katika mitaa ya Eastlands kwa miongo sita hakikuwa maono peke yake. Ilikuwa kazi. Watu wawili wanabisha hodi jioni kwenye chumba cha mgonjwa, rozari mkononi, bila kumngoja padri. Kazi hiyo waliirithi kutoka kwa chama cha Dublin, wakaifanya yao, na Nairobi ya mashariki ikawapa pa kuifanyia kila siku ya Mungu.

Kikundi cha Lejio ya Maria kina utaratibu wake wa kukutana, na haubadiliki ovyo. Meza inatandikwa kitambaa cheupe. Juu yake inawekwa sanamu ya Bikira, vinara viwili vya mishumaa na vyombo viwili vya maua. Rozari inasaliwa kwa magoti. Halafu kila mmoja anatoa taarifa ya kazi aliyopangiwa wiki iliyopita: nyumba gani ameitembelea, nani yu kitandani, nani ameacha kanisa, ndoa gani inayumba. Mkutano hauishi mpaka watu wamepangiwa kazi mpya, wawili wawili. Padri yupo kama mlezi wa roho, lakini kiti cha mwenyekiti, daftari la katibu na sanduku la mhazini viko mikononi mwa walei, na mwanamke anaweza kushika chochote kati ya hivyo.

Kwa Mkatoliki wa Nyanza wa miaka ya 1940 na 1950, jambo hili lilikuwa kubwa. Kanisani alikuwa amezoea kupiga magoti na kuitikia Kilatini. Katika kikundi alijifunza kuongoza sala, kuandika kumbukumbu, kuhesabu sadaka, na kuingia nyumba ya mtu asiyemjua akazungumza naye habari za Mungu bila woga. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa wachache na parokia zao zilikuwa pana mno, hivyo nafasi ya mlei hodari ilikuwa pana vilevile. Mbegu ya kanisa linaloweza kujiendesha ilipandwa hapo, na aliyeipanda hakukusudia kuzaa kanisa jipya.

Moto wa kanisa hilo jipya uliwaka kusini mwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika dayosisi ya Kisii iliyokuwa chini ya Askofu Maurice Otunga. Jina lililovuma lilikuwa la mwanzilishi wake, Simeo Ondeto. Kwa imani ya Walegio wenyewe, mambo yalikuwa yameanza zamani zaidi: karibu na mwaka 1938 mwanamke wa ajabu alianza kuwatokea watu, akiwaambia kwamba Mwana wa Mungu atakuja kwa watu weusi akiwa mweusi. Wanamwita Mama Maria. Katika mwili alijulikana kwa jina la Regina Owitch, ajuza wa Kijaluo, naye alifariki mwaka 1966.

Hapa ndipo penye kiini cha imani hii, na ndipo watu wa nje hujikwaa au hucheka. Walegio wanafundisha kwamba Mungu hakumaliza kujidhihirisha kule Palestina. Aliyewajia Wayahudi akiwa Myahudi amewajia Waafrika akiwa Mwafrika, na Ondeto, wanayemwita Baba Messias, ndiye huyo. Kulielewa fumbo hili, wanasema, hakutokani na kusikia mahubiri mara moja. Mtu hulikaribia kwa sala, kwa kufunga, kwa ndoto na kwa kuongozwa na waliomtangulia, na macho ya kawaida yanaweza kumtazama Masihi yasijue yanachokitazama. Anayetaka kubishana na mafundisho haya atapata wa kubishana naye. Mimi ninachoomba ni yachukuliwe kwa uzito ambao waumini wameyapa maisha yao yote.

Wala Walegio hawakuwa peke yao Afrika hii. Mwaka uleule wa 1921 ambao Duff alikusanya watu wake Dublin, Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa kule Nkamba, Kongo ya Chini, akafungwa na Wabelgiji hadi alipofia gerezani mwaka 1951. Jirani zaidi na kisa chetu ni Katanga. Miaka ya 1950 padri Mfransisko Placide Tempels aliwakusanya wafanyakazi wa migodi na wake zao katika harakati iliyoitwa Jamaa. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili cha migodini, kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mambo yasiyosemwa mbele ya ambaye hajaifikia. Jamaa na Legio hawakujuana, lakini chimbuko lao linafanana: Wakatoliki wa kawaida, watu wa mshahara mdogo, waliotaka kuingia ndani ya fumbo badala ya kulitazama kutoka benchi la nyuma.

Aliyelitoa neno mlimani na kulifikisha sokoni alikuwa mwanamke kijana, Gaudencia Aoko. Mwaka 1963 alikuwa na miaka ishirini hivi. Watoto wake wawili walifariki siku moja. Watu wa nyumbani waliona mkono wa mchawi, na njia ya kawaida ingekuwa kwenda kwa mganga kutafuta kinga na kisasi. Aoko alikataa njia hiyo. Alipokea ubatizo, kisha akaanza kuzunguka vijijini akihubiri kwamba hirizi zitolewe nje na zichomwe, kwa kuwa rozari inatosha. Umati ulimfuata. Alibatiza watu wengi kwa siku moja, hapohapo uwanjani, ilhali misheni iliwataka wakae darasani muda mrefu kabla ya kuguswa na maji. Mke wa pili na wa tatu, ambao kanisa la wamisionari liliwaweka mbali na meza ya Bwana, hawakufukuzwa mlangoni. Makadirio ya wakati ule yalitaja watu 90,000 waliojiunga katika kipindi kifupi cha mwanzo.

Kenya ilikuwa ikipata uhuru mwaka huohuo. Wazungu waliokuwa wakishika kalamu ya serikali walikuwa wakifunga masanduku, na ghafla mwanamke mweusi asiye na cheo chochote alikuwa akishika maji ya ubatizo. Sioni ajabu kwamba watu walimiminika. Mwaka 1966 kanisa liliandikishwa rasmi kwa jina la Legio Maria of African Church Mission. Likawa na papa wake, makadinali, maaskofu, mapadri, mashemasi, makatekista, masista na mama wakuu: jengo zima la Roma, likisimamishwa upya na mikono ya wakulima na wavuvi.

Kutoka ziwani hadi Nairobi njia ilikuwa imeshakanyagwa. Watu wa Nyanza walikuwa Eastlands tangu enzi za mkoloni. Shauri Moyo ilijengwa mwaka 1938. Kaloleni ilifuata katika miaka ya 1940, na ukumbi wake ukawa mahali ambapo siasa za Waafrika wa mji huu zilizungumzwa kwa sauti ya juu. Makongeni ilikuwa ya watu wa reli. Kisha zikaja nyumba zilizopewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953: Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na nyinginezo. Sehemu kubwa ya mitaa hiyo ilipangwa kwa ajili ya mwanaume mmoja mwenye kitanda, jiko la makaa na sanduku la bati chini ya kitanda. Mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani. Choo na bomba la maji vilikuwa vya watu wote.

Madhehebu ya wamisionari yalikuwa na viwanja vyao. Anglikana walikuwa na St. Stephen's kando ya Barabara ya Jogoo, Wapresbiteri walikuwa na kanisa la Mashahidi pale Bahati, Wakatoliki St. Teresa's, Eastleigh. Legio Maria ilizaliwa wakati ploti hizo zimeshagawanywa. Ilikuta mji una makanisa ya mawe yenye minara, na yenyewe haina hata kibanda.

Kwa hiyo ilianza pale ilipoweza. Chumba cha mtu kilikuwa cha kwanza. Kitanda kiliinuliwa na kuegemezwa ukutani, meza ikatandikwa kitambaa cheupe, mishumaa ikawashwa, na watu kumi wakapiga magoti mahali ambapo watu wawili hulala kwa taabu. Anayejua zile nyumba za Jericho na Makongeni anajua kwamba sala ya chumba kimoja ni sala ya laini nzima, maana ukuta hauzuii sauti. Jirani aliyechoka na zamu ya usiku alilalamika, au alikuja kujiunga. Walipozidi chumba walitoka nje, uwanjani, chini ya mti, au kwenye darasa la shule Jumapili ambapo wanafunzi hawapo.

Katikati ya miaka ya 1970 mji ulisogea. Kwa fedha za Benki ya Dunia, mradi wa Dandora ulipima ploti zipatazo 6,000 ambazo watu walipewa zikiwa na maji na choo ili wajijengee vyumba wenyewe. Kariobangi na Korogocho zilikuwa zikijaa, na baadaye Kayole ikafuata. Hapo Legio ilipata nafasi ambayo mitaa ya baraza la mji haikuwa nayo. Mwenye ploti ambaye ni muumini aliweza kutenga chumba kimoja asikipangishe, akakifanya mahali pa sala. Waliochangishana waliweza kuinua kuta za mabati, sakafu ya udongo na msalaba wa mbao juu ya mlango. Ukitazama kwa macho ya mhesabu kodi, chumba kisichopangishwa katika ploti ya Dandora ni hasara ya kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Hiyo ni sadaka ambayo haikupitishwa kwenye kikapu chochote, na ningependa ihesabiwe tunapoorodhesha waliolijenga kanisa hili.

Ibada ya Jumapili haifichiki. Viatu vinaachwa pembeni: raba, sandali za plastiki, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi usiku. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, vichwa vya wanawake vimefunikwa. Kinachoonekana kutoka mbali ni kanzu. Mmoja amevaa ya samawati yenye msalaba mweupe mgongoni, mwingine ya kahawia na mshipi wa kamba, wa tatu nyekundu iliyotiwa pindo la manjano. Rangi hazichaguliwi kwa kupenda. Mtu huonyeshwa katika ndoto, au huambiwa na mwenye karama, ni mtakatifu au malaika gani anayemwongoza, na vazi hufuata. Kitambaa kinanunuliwa Gikomba au Eastleigh, kisha fundi wa mtaani anaelezwa upana wa mkono, urefu wa pindo na umbo la msalaba kwa makini kuliko anavyoelezwa suti ya bwana harusi. Akikosea anafumua. Nimewahi kumwona mama mmoja akirudisha kanzu kwa sababu msalaba ulishonwa kwa uzi wa rangi isiyokuwa kwenye ndoto yake, na fundi, ambaye hakuwa wa dhehebu hilo, akaifumua bila neno.

Misa yenyewe huenda kwa saa nyingi. Kilatini kinasikika, kisha Kijaluo, kisha Kiswahili kwa ajili ya mgeni na kwa ajili ya watoto waliozaliwa mjini. Jambo hili la Kilatini linastahili kusimamiwa kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, uliruhusu Misa isomwe kwa lugha za wenyeji, na parokia za Nairobi zikaanza kusali kwa Kiswahili na Kiingereza. Kanisa lililojitenga kwa jina la Uafrika ndilo lililoendelea kutunza sala za Kilatini, uvumba, kupiga magoti na padri anayegeukia altare. Walegio wanaeleza kwamba walichopokea ni imani kamili ya Kikatoliki, na hawakuona sababu ya kuiacha sehemu yake njiani. Waliotarajia kwamba Mwafrika akijitawala kanisani ataanza kwa kutupa kila kilichotoka ng'ambo hawakumjua Mwafrika huyu.

Usiku wa kesha ni jambo jingine. Wagonjwa wanaletwa: mwenye degedege, mwanamke ambaye mimba hazikai, kijana aliyekuwa na akili zake timamu mpaka alipokuja mjini. Maji yaliyobarikiwa yapo kwenye mtungi wa plastiki wa manjano, uleule wa kuchotea maji bombani. Nyimbo zinaanza polepole. Anayeongoza anamwita pepo kwa jina, anamhoji, anamtaka aseme alikotoka na nani alimtuma. Rozari inawekwa shingoni mwa mgonjwa. Mara nyingi anayefanya kazi hii ni mwanamke. Asubuhi wanaovunja kesha wanapita kwenye vichochoro vya Korogocho na kanzu zao zilizolowa umande, na watu wanaokwenda kazini wanawapisha.

Wapo watakaosema kwamba kesha halitibu degedege, na kwamba mgonjwa apelekwe hospitali. Apelekwe, bila shaka. Lakini mtu aliyetoka kijijini akaja kuishi Eastlands alikuwa na magonjwa mawili, la mwili na la upweke. Hakuwa na baba mdogo wa kumwita, wala shangazi wa kukaa naye usiku kucha. Hofu ya kurogwa na jirani wa ploti ilikuwa kweli, na waganga wa mjini waliiuza kinga yake kwa bei. Legio ilimwambia avunje hirizi, asinywe pombe, asivute tumbaku, na ilimpa watu wa kukesha naye bila malipo. Katika mitaa ambako chang'aa ilimaliza mshahara kabla ya mwezi kufika katikati, kukatazwa pombe kulimaanisha unga nyumbani na karo ya shule. Wapo wazee wa Legio waliosomesha watoto wao wote kwa mshahara wa mlinzi wa usiku.

Mwaka 1969 Askofu Otunga aliondolewa Kisii akaletwa Nairobi. Mwaka 1971 alikuwa askofu mkuu, mwaka 1973 kadinali, wa kwanza wa Kenya, na alibaki askofu mkuu hadi 1997. Mtu ambaye dayosisi yake ndiyo iliyopasuka alijikuta anaongoza Wakatoliki wa jiji ambalo Legio Maria ilikuwa ikienea. Yeye mwenyewe alijulikana kote kwa upendo wake kwa Bikira Maria na kwa rozari yake. Kwa karibu miaka thelathini, kwenye barabara zilezile za Eastlands, rozari ilisaliwa katika parokia zake na ilisaliwa kwenye mabati ya Legio, mara nyingi na watu wa familia moja. Ndugu mkubwa alikwenda upande huu, mdogo upande ule, na siku ya msiba wakakutana.

Msiba ndipo kanisa hili lilipojidhihirisha kuwa taasisi. Mjaluo akifia Nairobi anarudishwa nyumbani kuzikwa, na safari hiyo ni ghali: mochari, jeneza, gari, chakula cha wanaosindikiza. Jioni baada ya jioni kunakuwa na matanga mtaani, viti vya kukodi vimepangwa kwenye nafasi iliyopo kati ya nyumba, sufuria ya mchango inazungushwa, daftari linaandikwa nani ametoa nini. Walegio walikuja na kanzu zao na daftari lao. Walisali, walichanga, walikaa hadi usiku wa manane, na baadhi yao walipanda gari kusindikiza mwili mpaka Siaya au Homa Bay. Hapa ndipo ninapouona ule mkutano wa Edel Quinn: taarifa ya kazi, watu kutumwa wawili wawili, mhazini na hesabu yake. Padri angeweza kuwa mbali. Kazi haikusimama.

Kuhusu wanawake lazima niseme wazi, hata katika maandishi ya kusherehekea. Kanisa lililoenezwa na Gaudencia Aoko, na linalomtukuza Mama Maria, lilipopanga ngazi zake liliuweka upadri kwa wanaume. Aoko mwenyewe alitoka baada ya miaka michache akafuata njia yake. Ninaiona hiyo kuwa hasara kubwa ambayo kanisa halijailipa. Wanawake walibaki na uponyaji, unabii, utawa na ile kazi isiyoisha ya kutembelea nyumba, na mitaani nguvu yao ni kubwa: mama mwenye karama pale Kariobangi anasikilizwa kuliko padri kijana. Lakini kusikilizwa si sawa na kuwekewa mikono, na mabinti waliokulia kwenye kanisa hili wanaijua tofauti.

Tarehe 5 Septemba 1991 Baba Ondeto alifariki. Kwa Walegio habari hiyo haikuwa nyepesi kuibeba, kwani aliyefariki hakuwa mwanzilishi tu. Mlima wa Got Kwer, Migori, ukawa mahali pa hija kuu, na mabasi yaliyojaa kanzu za kila rangi yalianza kuwa jambo la kawaida kwenye barabara ya kwenda Nyanza. Uongozi ulipita kwa Papa Timothy Atila, kisha kwa Papa Lawrence Chiaji Adera aliyefariki mwaka 2004. Baada yake kulikuwa na mvutano juu ya nani mrithi halali, kati ya upande wa Raphael Adika na ule wa Romanus Ong'ombe, na mvutano huo ukagawanya waumini ambao jana walikuwa wakisali pamoja. Makanisa makubwa kuliko hili yamepitia hayo. Kilichonigusa ni kwamba ziara za wagonjwa hazikungoja uamuzi.

Athari ya Legio Eastlands ni pana kuliko idadi ya kanzu. Leo hakuna mtaa usio na kesha, na wahubiri wa kila namna wanafukuza pepo kwa vipaza sauti kana kwamba wao ndio walioanza. Uamsho wa karismatiki ndani ya Kanisa Katoliki lenyewe umefungua tena nafasi ya walei kuombea wagonjwa kwa kuwawekea mikono. Papa Paulo VI alipofika Kampala mwishoni mwa Julai 1969 na kuwaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika, Walegio walikuwa tayari wameuishi miaka sita, kwa gharama yao. Na wazo la Kristo mweusi, ambalo wanateolojia wa vyuo vikuu walikuja kuliandikia vitabu, mama wa mboga wa Kaloleni alikuwa ameshalipigia magoti kwenye kokoto.

Sasa mji unasogea tena. Serikali imeamua kubomoa nyumba za zamani za Eastlands na kuinua maghorofa, na viwanja vya wazi vinapungua kila mwaka. Kanisa lililokulia uwanjani linahitaji hati za ardhi, na baadhi ya jumuiya za Dandora na Kayole tayari zinasali kwenye majengo ya mawe yenye mageti. Wazee waliofungua vyumba vyao vya Jericho na Makongeni miaka ya 1960 na 1970 wanazidi kupungua. Ombi langu kwa maaskofu wa pande zote mbili za Legio ni kwamba madaftari ya zamani yakusanywe: yale ya ubatizo, ya mchango wa matanga, ya taarifa za kutembelea wagonjwa, yaliyohifadhiwa kwenye masanduku ya bati na kuanza kuliwa na mchwa. Nakala ziwekwe kwenye Nyaraka za Taifa pale Barabara ya Moi, na majina ya makatekista na kina mama walioongoza kila mtaa yachapishwe kabla nyumba walizoishi hazijavunjwa.